Duet mkongwe wa pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutu, injini na spea

Majibu haya yanawahusu wenye Toyota Duet wanaoishi karibu na bahari: Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, Mombasa, Unguja na kwingineko ambako upepo huja na chumvi. Mengi yanafaa pia kwa Starlet, March, Vitz za mwanzo na vigari vingine vya umri huo. Tumeanza na injini kwa sababu ndiyo huulizwa kwanza, ingawa kwa huku kwetu kinachoziua Duet ni bodi.

Duet ni gari gani hasa, na kwa nini halipendwi?

Ni gari la Daihatsu lenye nembo ya Toyota. Daihatsu walilitoa Japani mwaka 1998 kwa jina la Storia, na mwaka huohuo Toyota wakaanza kuliuza kwa jina la Duet. Ulaya lilijulikana kama Sirion. Liliendelea kutengenezwa hadi 2004, ilipoingia Passo. Kwa hiyo hata Duet changa kuliko zote imeshapita miaka 20. Injini ni za aina mbili: EJ ya silinda tatu, cc 989, na K3 ya silinda nne, cc 1298, iliyoongezwa baadaye.

Halipendwi kwa sababu ni dogo, sura yake ya duara haijamvutia mtu, na ile ya silinda tatu inatetemeka. Bei yake ya kuuzia imeshuka mno, na hapo ndipo balaa linapoanzia: mwenye gari anajiambia halistahili hata kopo la rangi, anaacha mchubuko mmoja, na baada ya masika mbili mlango umeoza chini. Sisi tunaona Duet ni gari zuri. Lina uzito usiofika tani moja, linakula mafuta kidogo, linaegeshwa popote Kariakoo, na karibu kila kitu chake kinafunguliwa kwa spana za kawaida. Kenya haipokei magari yaliyozidi umri wa miaka minane, na Tanzania kodi ya uchakavu imefanya kuagiza Duet leo kusiwe na maana. Zilizopo ndizo hizo. Tuzitunze.

Injini yake inadumu? Naambiwa silinda tatu ni za kutupa.

Inadumu ikipewa oili. Zote mbili, EJ na K3, zinatumia taimingi cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Lakini cheni inalainishwa na oili ileile ya injini. Oili ikiwa nyeusi na nzito kama lami, au ikipungua, cheni na kikazio chake vinalika, na asubuhi unapowasha unasikia mlio wa kugongana kwa vyuma kwa sekunde chache upande wa mkanda wa alteneta. Ukiusikia huo, badilisha oili na filta kwanza. Mlio ukiendelea, lipeleke gari kwa fundi afungue aangalie cheni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba injini hizi zinabeba oili kidogo, kama lita tatu tu. Injini kuukuu ikiunguza lita moja katikati ya huduma mbili, theluthi ya oili imeondoka, na taa nyekundu ya dashibodi bado haijawaka, maana taa ile inaangalia presha na haipimi kiasi. Chomoa kijiti cha oili kila unapojaza mafuta, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Badilisha kila kilomita 5,000, au mapema zaidi kama safari zako ni za foleni tu.

Nikisimama kwenye foleni gari linatetemeka hadi usukani. Ni ugonjwa?

Kutetemeka kidogo ni hulka ya silinda tatu. Kukizidi, anza na vitu vya bei ndogo: plagi, filta ya hewa, na uchafu mweusi kwenye mdomo wa throto ambao husafishwa kwa dawa ya kupuliza na kitambaa. Halafu angalia raba za maunting za injini. Raba zikipasuka, mtikisiko wote unaingia kwenye bodi, na bodi inayotikiswa kila siku inapasua rangi kwenye maungio. Hapo kutu imepata mlango. Kwa hiyo maunting mpya ni dawa ya kutu pia, ingawa hakuna anayeinunua kwa sababu hiyo.

Inachemsha. Fundi ameshatoa thamostati na bado.

Mwambie fundi airudishe. Thamostati (vali inayofungulia maji ya rejeta yakipata joto) ikiwa nzima haichemshi gari. Ikitolewa, injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na chanzo halisi kinabaki palepale. Angalia kifuniko cha rejeta (raba yake ikifa, maji yanachemka mapema), feni ya umeme kama inawaka kweli injini ikipata moto, na mapezi ya rejeta, ambayo kwa magari ya pwani hulika yakawa unga wa kijani na mweupe ukiyagusa.

Halafu kuna maji yenyewe. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na hedi (kichwa cha injini) ya injini hizi ni alumini. Ukiyajaza kwenye rejeta unaiozesha hedi kwa ndani, polepole, mpaka gasketi inakosa pa kushika. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta. Siku ya dharura tumia maji ya chupa au ya mvua, kisha ukifika nyumbani uyamwage uweke kulanti. Na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, hata kama dereva wa nyuma anapiga honi.

Mbona Duet ya Dodoma bodi yake ni safi na yangu ya Tanga imeoza, na zote ni za mwaka mmoja?

Kutu inataka chuma, maji na hewa. Chumvi yenyewe haili chuma, ila inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Tena chumvi inavuta unyevu kutoka hewani. Bodi yenye vumbi la chumvi inabaki na ubichi hata siku ambayo haijanyesha, usiku kucha, chini ya madigadi na ndani ya milango ambako jua halifiki. Ongeza joto letu, ambalo huharakisha kila kitu. Dodoma hewa ni kavu na bahari iko mbali, basi chuma kinapata muda wa kukauka.

Wanaovuka na kivuko Likoni au Kigamboni, na wanaosafirisha magari kwenda Unguja kwa meli, wanaongeza jingine: rasharasha za maji ya bahari yenyewe zinapiga chini ya gari. Wafanyabiashara wa samaki pia. Ndoo ya samaki ikimwagika kwenye buti, yale ni maji ya chumvi yanayoingia chini ya kapeti hadi kwenye shimo la stepni, na hayatoki yenyewe.

Kutu inaanzia wapi kwenye Duet?

Inaanzia pale maji yanapokaa. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na tunaomba ulifanyie kazi leoleo, maana halihitaji hela.

Fungua mlango wa mbele, chuchumaa, tazama ukingo wake wa chini kwa upande wa ndani. Utaona vitundu vidogo, virefu kama punje ya mchele. Hivyo ndivyo vya kutolea maji yanayoshuka ndani ya mlango kupitia raba ya kioo. Kwenye gari lisilotunzwa vimezibwa na tope jembamba lililochanganyika na nyuzi za raba. Chukua kipande cha waya laini au kijiti cha mshikaki, ingiza taratibu, zungusha. Mara nyingi maji ya kahawia yanachuruzika hapohapo, wiki nzima baada ya mvua ya mwisho. Yale maji yalikuwa yamekalia bati tupu. Fanya milango yote minne na mlango wa nyuma, kisha rudia kabla ya masika na kabla ya vuli.

Baada ya hapo, vua kile kipande cha plastiki kilicho chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapotokea. Kama unaegesha chini ya mwarobaini au mkungu, utakuta majani yaliyooza yakawa mbolea. Mbolea hiyo inashika maji juu ya bati, na bati hilo likitoboka mvua inaingia moja kwa moja miguuni.

Kwenye madigadi ya mbele, nyuma ya tairi, tope la barabarani linajikusanya kati ya digadi na nguzo ya mlango. Fungua plastiki ya ndani uone: kwenye gari ambalo halijawahi kufunguliwa, tope linaweza kujaza viganja viwili. Lichokoe kwa kijiti, usitumie bisibisi, ili usikwaruze rangi. Matao ya matairi ya nyuma nayo yana mkunjo wa bati kwa ndani unaoshika mchanga. Pitisha kidole. Ukisikia punjepunje, osha. Ukisikia magamba, soma jibu la kitobo hapo chini.

Kagua pia vizingiti vya milango, yaani ile mihimili mnayoikanyaga mkiingia. Kwa ndani ni mitupu, nayo ina vitundu vyake kwa chini. Sahani ya betri inaliwa na tindikali inayovuja, na kuiosha kwa maji yenye magadi ya mkate kunasaidia kuua ile tindikali. Mwisho ni shimo la stepni. Inua tairi kila mwezi.

Ekzosi ina kisa chake: inaozea ndani. Moshi una mvuke wa maji, na kama safari zako ni za nyumbani hadi sokoni tu, bomba halipati moto wa kutosha kuukausha. Safari moja ndefu kwa wiki inaisaidia.

Nioshe mara ngapi, na kwa maji gani?

Juu osha upendavyo. Chini, kila wiki mbili, na siku hiyohiyo ukipita ufukweni au kwenye maji ya bahari. Kinachohitajika ni maji mengi yasiyo na presha kali, yaelekezwe ndani ya matao, kwenye vizingiti na kwenye ekseli ya nyuma. Presha kali kwenye injini inasukuma maji kwenye koili na soketi za umeme, na kesho yake gari linakosa silinda moja.

Sasa tahadhari kwa watu wa Dar, Tanga na Mombasa. Sehemu nyingi za kuosha magari zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Unalipia gari lioshwe kwa kile unachokikimbia. Muulize mwenye sehemu maji yake yanatoka wapi. Ishara ni rahisi: gari likikauka bila kufutwa na kubaki madoa meupe kwenye vioo, au sabuni ikigoma kutoa povu, tafuta pengine. Maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi ni bora, hata kama utaosha nyumbani kwa ndoo na bomba la bustani.

Mzee wa mtaani anasema nipake oili chafu chini. Ni kweli inazuia kutu?

Wazee hawakukosea kuhusu oili. Chuma kilichopakwa mafuta hakiguswi na maji. Tatizo ni hiyo chafu. Oili iliyotumika ina tindikali zilizozaliwa na moto wa injini pamoja na unga wa vyuma, inavimbisha raba za bushi na za breki, inadhuru ngozi ya anayeipaka, na kila mvua inaosha sehemu yake kwenda ardhini na visimani. Tumia mafuta mapya. Oili mpya nzito ya giaboksi iliyochanganywa na grisi kidogo, ikapashwa moto kwa kuweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, inapita kwenye bomba la kupulizia na ikipoa inashika. Nta ya magari ya kupuliza ni bora zaidi kwa sababu haichuruziki, na mafuta ya manyoya ya kondoo nayo yanafanya kazi nzuri ukiyapata.

Pa kuyaweka ni ndani ya mihimili mitupu: vizingiti, sehemu za chini za milango, mkunjo wa boneti, maungio ya buti. Ingiza bomba jembamba kupitia vitundu vilevile ulivyozibua, puliza hadi mafuta yadondoke chini, kisha uvizibue tena. Usipake kwenye diski, kwenye ngoma za breki, kwenye mikanda, wala karibu na ekzosi. Fanya kazi hii mwisho wa msimu wa kiangazi, gari likiwa limekauka siku kadhaa juani. Ukipuliza juu ya unyevu, umeufungia ndani.

Na ile rangi nyeusi ya lami inayopakwa chini ya gari?

Juu ya bati safi na kavu inafaa, hasa ndani ya matao ambako mawe yanapiga. Juu ya kutu ni hatari. Lami ikikauka inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia nyuma yake, na kwa kuwa yamefichwa hayakauki. Nje unaona weusi unaopendeza. Ndani bati linageuka magamba. Ukinunua Duet ambayo chini yake imepakwa lami mpya inayong'aa, gongagonga kwa mpini wa bisibisi kila sehemu. Bati zima linalia kwa mlio mkali. Lililooza linatoa sauti ya kifusi, na lami inabonyea.

Kuna kitobo tayari. Nifanyeje?

Kwanza pima ukubwa wa tatizo. Kutu ya juu, ile ya rangi ya chungwa ambayo bati lake bado ni gumu, unaimaliza mwenyewe. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa hadi uone chuma kinachong'aa, futa vumbi, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforasi, subiri ikauke kama kopo linavyoelekeza, halafu praima, halafu rangi. Usiishie kwenye praima. Praima ina vinyweleo, inapitisha unyevu, na gari linalotembea na mabaka ya kijivu mwaka mzima linaozea chini ya mabaka hayo huku mwenyewe akiamini amelitibu.

Kitobo kamili ni kazi ya fundi wa bodi, na hapa simama naye. Fundi mwenye haraka atajaza puti, atapiga msasa, atapaka rangi, na jioni gari litakuwa zuri kuliko siku zote. Puti inanyonya maji. Mwaka unaofuata itavimba na kudondoka na kipande cha bati kimeganda nyuma yake. Mwambie akate bati bovu lote hadi afike penye uzima, hata kama tundu litakua mara tatu, achomelee bati jipya la unene uleule, asage, apake praima ya zinki, na puti iwe nyembamba ya kulainisha tu. Kabla hajachomelea kwa umeme, ondoa nyaya za betri, la sivyo alteneta na kompyuta ya gari vinaweza kuungua.

Halafu kuna hatua ambayo karibu kila gereji inairuka. Moto wa kuchomelea umeunguza rangi ya upande wa ndani, ule usioonekana. Upande huo sasa ni chuma kitupu ndani ya mhimili wenye giza. Puliza nta au mafuta humo ndani wiki hiyohiyo. Bila hivyo kiraka kitaoza kabla ya bati la zamani lililokizunguka.

Usikubali pia kiraka cha alumini kilichofungwa kwa ribiti. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, ulaji unaongezeka kwenye maungio yale.

Kapeti upande wa abiria wa mbele limelowa na mvua haijanyesha. Maji yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye kiyoyozi. Kikifanya kazi kinakamua maji hewani, na pwani yanakuwa mengi. Yanatakiwa kutokea chini kwa mpira mdogo uliopo nyuma ya injini upande wa kushoto. Mpira ukiziba kwa vumbi, maji yanarudi ndani na kushuka chini ya kapeti, ambako kuna sponji nene inayoyahifadhi juu ya sakafu ya bati. Washa kiyoyozi dakika kumi gari likiwa limesimama, kisha tazama chini: kama hakuna tone, mpira umeziba. Puliza kwa mdomo au kwa pampu ya baiskeli kutokea chini. Kisha toa siti, inua kapeti lote, anika sponji juani siku nzima. Kukausha juujuu kwa kitambaa hakutoshi.

Nimeona kifaa cha umeme kinachofungwa kwenye betri kuzuia kutu. Kinafaa?

Hapana, kwa gari usinunue. Mbinu ya aina hiyo, pamoja na vipande vya zinki, inalinda mashua na meli kwa sababu zimo ndani ya maji, na umeme una njia ya kupita. Gari liko hewani. Pesa hiyo inatosha nta ya milango yote minne.

Nilifunike kwa turubai?

Nailoni isiyopumua, hapana. Inatunza jasho la usiku juu ya rangi. Kivuli chenye upepo kinashinda, hata kama ni makuti juu ya nguzo nne.

Nimepita kwenye maji ya mafuriko hadi mlangoni. Je, nina muda gani?

Maji ya mvua yaliyofurika yamebeba tope na majitaka, kwa hiyo fanya haraka. Kama injini ilizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi, na pistoni inakunja konrodi. Vuta gari, toa plagi, mwite fundi. Chomoa kijiti cha oili na kile cha giaboksi: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na oili hiyo imwagwe kabla ya kuwasha. Siku ya pili toa kapeti zote, osha sakafu kwa maji safi, zibua vitundu vyote, acha milango wazi juani. Fungua ngoma za breki za nyuma usafishe tope. Beringi za magurudumu zitaanza kulia wiki chache baadaye, zisikilize.

Breki zinahusikaje na kutu?

Zinahusika sana, na hili tunaomba lisipuuzwe. Mafuta ya breki yanasafiri kwenye mabomba membamba ya chuma yaliyopita chini ya sakafu hadi nyuma. Mabomba hayo yanaoza hasa kwenye vibanio vya plastiki, ambako mchanga wa chumvi unajibana. Siku unayokanyaga breki kwa nguvu kuokoa maisha ndiyo siku presha inakuwa kubwa kuliko zote, na bomba dhaifu linapasuka hapo. Lala chini ya gari lililokaa kwenye stendi imara, kamwe si kwenye jeki peke yake, na futa mabomba kwa kitambaa. Bomba likiwa na magamba, libadilishwe lote, lisiungwe kipande. Mafuta ya breki yenyewe yanavuta unyevu, na kwa pwani yabadilishwe kila miaka miwili.

Spea zinapatikana wapi? Dukani wananiambia Duet ni ya zamani.

Zipo, ila lazima uulize kwa jina sahihi. Nenda na namba ya chasisi na namba ya injini. Ya cc 989 itaanza na M100 au M110, ya cc 1298 na M101 au M111, na nyingi za vipuri zitakuja kwenye boksi la Daihatsu. Usizikatae, ndizo zake. Kipuri cha Storia ni kipuri chako. Mwenye injini ya K3 ana bahati kubwa zaidi, kwa sababu injini hiyo ilifungwa pia kwenye Cami, Terios, Avanza, Passo ya cc 1300 na bB ya kizazi cha pili. Plagi, sensa, gasketi na vitu vya ndani ya injini vingi vinaingiliana. Vitu vya nje, kama vishikio na mipira ya maji, weka cha zamani kando ya kipya ulinganishe kabla hujalipa.

Kwa Dar, Gerezani na Ilala ndiko kwenye spea za mtumba. Nairobi ni Grogan. Taa, vioo na milango vya mtumba tunavipendekeza. Vipuri vya breki, boljointi na taerodi endi (viungo vya magurudumu ya mbele na usukani) nunua vipya.

Nataka kununua Duet. Nianze kutazama wapi?

Anza chini, injini baadaye. Kama muuzaji bado ana karatasi ya mnada wa Japani, herufi S kwenye mchoro wa gari inaonyesha kutu, na C inaonyesha bati lililoanza kuliwa. Gari lililoishi Hokkaido au mikoa mingine ya theluji limepita miaka mingi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, kwa hiyo linaweza kuwa limeoza chini kabla halijaonja upepo wa Bahari ya Hindi. Inua kapeti, inua stepni, bonyeza vizingiti kwa dole gumba. Injini ya Duet inabadilishwa kwa siku mbili. Bodi haibadilishwi.

Ni wakati gani wa kusema basi?

Kutu ikifika penye kubeba uzito au uhai. Maeneo hayo ni vichwa vya shokapu za mbele ndani ya boneti, pale ekseli ya nyuma inaposhikilia bodi, makalio ya springi za nyuma, na mahali mikanda ya usalama ilipofungwa sakafuni na kwenye nguzo. Sehemu moja kati ya hizo fundi mzuri wa kuchomelea ataitengeneza ikawa salama. Zikiwa mbili au tatu kwa pamoja, usimpakie mtu humo tena.

Hata hapo usiliuze lote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo. Toa injini, giaboksi, alteneta, stata, rejeta, taa zote, vioo, milango iliyo mizima, usukani na kompyuta yake. Andika namba ya chasisi kwenye kila kimoja kwa kalamu ya rangi, kisha wape taarifa mafundi wa mtaani kwamba vipo. Kuna mtu Chumbageni au Likoni anautafuta mlango huo wa kushoto.